MKULIMA AMELIPA, MFUGAJI AMELIPA: MWENYE KATAPILA ATALIPA LINI?



Katika nchi yetu ni maneno machache ya shambani yaliyoleta uchungu kama neno "matuta". Wazee wa Uluguru na wa Usambara wanalijua vizuri. Mkoloni alipoona milima inachunika na mito imekuwa myekundu, alimtafuta mwenye kosa, akamwona mtu mmoja tu: mkulima mwenye jembe la mkono. Akamwekea amri, na asiyetii akatozwa faini.

Wakoloni wamekwenda zao. Udongo ungali unakwenda baharini. Basi nataka tuulizane: anayeulegeza leo kwa wingi kuliko wengine wote ni nani, na kwa nini mpaka sasa hajaguswa?

Tukumbuke kwanza yaliyopita, maana yana mafunzo. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika milima ya Uluguru. Sababu yake haikuwa ya uwongo. Mto Ruvu hupata maji yake katika milima hiyo, na udongo unaoporomoka huko hushuka nayo mpaka bondeni. Lakini njia waliyoshika ilikuwa mbaya. Watu walilazimishwa kuchonga matuta ya ngazi katika miteremko mikali ambako udongo mzuri ni mwembamba. Ukichonga ngazi mahali kama hapo, udongo mweusi unafukiwa na ule usio na nguvu unatoka juu. Watu wakafanya kazi kubwa wakavuna kidogo, kisha wakaambiwa ni wavivu! Julai 1955 watu wa Matombo walikataa. Ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa, na mpango ukavunjika. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu wakati huo, na watu wa milimani walikwisha kujua bila kuhubiriwa maana ya kutawaliwa na mtu asiyekuuliza.

Lakini somo hili lisieleweke vibaya. Watu hawakukataa kuhifadhi udongo. Walikataa kulazimishwa jambo lisilowafaa. Wamatengo wa Mbinga walikuwa na ngoro zao kabla Bwana Shamba hajafika. Hufyeka majani, huyalaza kwa mistari inayokatana, huyafukia kwa udongo, na katikati hubaki mashimo. Mvua ikinyesha, maji hutua katika mashimo badala ya kukimbia, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Hivyo ndivyo wanavyolima miteremko ambayo mgeni angeiogopa hata kuipanda kwa miguu. Jirani zetu wa Machakos nao, walipoona faida, walichimba "fanya juu" kwa vikundi vyao wenyewe: chimba mtaro kufuata usawa wa kilima, tupa udongo upande wa juu, panda majani juu yake, na miaka ikipita shamba hujisawazisha. Mwafrika si adui wa udongo wake.

Baada ya mkulima, zamu ilikuwa ya mfugaji. Kondoa ilikuwa imeliwa na makorongo. Mwaka 1973 serikali yetu wenyewe ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika, lenye kilomita za mraba 1,256. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo walihamishwa. Kwa mfugaji, kuondoa ng'ombe ni kuondoa akiba, mahari na maziwa ya watoto. Nyasi zilirudi, na hilo ni jambo jema. Lakini tusisahau ni nani aliyelipa gharama ya nyasi zile.

Basi mkulima amelipa, na mfugaji amelipa. Amebaki mwenye katapila: mkata viwanja, mjenga barabara, mchimba kifusi, mwenye kiwanda na mwenye majumba.

Jambo lenyewe si la uchawi, na mwalimu ye yote aweza kulionyesha darasani. Chukua sinia mbili, zijaze udongo ule ule, moja uipande nyasi, nyingine uiache tupu. Ziinamishe, kisha uzimwagie maji kwa kopo lenye matundu. Sinia ya nyasi itatoa maji kidogo yenye kuonekana safi, na ile nyingine itatoa uji. Tone la mvua likianguka juu ya jani huvunjika nguvu. Likianguka juu ya udongo mtupu hupiga kama nyundo ndogo, chembe zikaruka, maji yakazibeba. Mteremko ukiwa mrefu maji hupata mbio, na yakipata mbio huchimba mfereji, na mfereji huwa korongo.

Jembe la mkono hugusa ardhi juu juu, na baada ya wiki chache mimea huifunika tena. Katapila hung'oa kila kitu pamoja na mizizi. Kiwanja hukaa wazi msimu mzima, pengine miaka miwili, mwenyewe akingoja fedha za kuendelea. Idara ya Serikali ya Marekani inayosimamia mazingira imeandika kuwa mahali pa ujenzi hutoa udongo mara 10 hadi 20 kuliko ardhi ya kilimo, na mara 1,000 hadi 2,000 kuliko msitu. Ndiyo sababu huko, tangu 2003, mtu anayevunja ardhi ya eka 1 au zaidi kwa ujenzi hutakiwa kuwa na kibali na mpango wa kuzuia udongo usitoke. Ikiwa nchi ya matajiri wakubwa inawafunga matajiri wake kwa sheria hiyo, sisi twaogopa nini?

Tazama mto Msimbazi. Huanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, hupita katikati ya Dar es Salaam, ukaingia baharini karibu na daraja la Selander. Urefu wake ni kilomita zipatazo 35 tu. Katika bonde lake na vijito vyake, huko Kinyerezi, Segerea na Kimara, vilima vimekatwa viwanja na njia. Udongo uliolegezwa huko hushuka kila masika mpaka Jangwani, ambako ardhi ni tambarare na maji hupoteza mbio. Hapo mchanga hutua, sakafu ya mto hupanda, na mto usio na kina huvunja kingo zake. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu wapatao 40, na maelfu wakakosa makao. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi 2016 karakana yao iliwekwa Jangwani, na maji yameingia humo si mara moja wala mbili. Barabara ya Morogoro imefungwa mara nyingi hapo hapo, na wafanyakazi wamekwenda kazini kwa kuzunguka mji.

Sisemi kuwa mchanga peke yake ndio unaoleta gharika. Mvua nazo zimekuwa kubwa, taka zimeziba mitaro, na watu wamejenga mahali pasipojengwa. Lakini angalia jinsi hukumu inavyogawanywa. Desemba 2015 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilibomolewa, na watu wa bondeni wakaambiwa wahame. Aliyekata kilima huko juu, akaacha jeraha wazi, hakuambiwa neno. Maji yaliyoingia chumbani kwa maskini yalikuwa na udongo wa kiwanja cha tajiri.

Wako watakaosema: "Huyu anapinga maendeleo." Hapana! Twataka barabara, twataka nyumba, twataka shule na viwanda. Lakini barabara inayoziba kalvati zake yenyewe kwa mchanga mwaka wa kwanza ni hasara, na kodi ya mwananchi ndiyo itakayouzoa mchanga huo. Wengine watasema kuwa kuzuia udongo kutapandisha bei ya ujenzi. Gharama hiyo ipo tangu zamani. Kinachotokea ni kwamba haimo katika hesabu ya mkandarasi. Imo katika godoro lililooza la mama wa Mkwajuni, na katika kazi ya kusafisha maji ya Ruvu yanayofika yakiwa tope.

Tena dawa zenyewe ni nyepesi. Usikate kilima karibu na masika. Usifyeke eneo lote kwa siku moja. Fyeka sehemu unayoijenga, uache majani kwingine. Udongo mweusi wa juu uweke kando, uufunike, uurudishe kazi ikiisha. Chimba mtaro upande wa juu ili maji ya jirani yasipite katika kidonda chako. Upande wa chini weka magunia ya mchanga au mawe, na kiwanja kikiwa kikubwa chimba shimo la kutuliza maji, tope libaki humo. Mwaga kokoto pale malori yanapotokea barabarani. Mwisho panda nyasi. Vetiva ina mizizi mirefu yenye kushika kingo kama kamba.

Kwa hiyo yafaa wanachama wote tudai mambo matatu.

Kwanza, Serikali ianze na kazi zake yenyewe. Kila mkataba wa barabara na wa kupima viwanja uwe na sharti la kuzuia udongo, na sehemu ya malipo ishikwe mpaka nyasi zionekane zimeota. Dodoma, ambako mfugaji alihamishwa kwa ajili ya udongo, ndiko makao makuu yanakojengwa. Hapo pangefaa kuwa mfano kwa nchi nzima.

Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ipimwe athari zake kabla ya kuanza. Karatasi hizo zisilale kabatini. Mpango wa kila mradi ubandikwe katika ofisi ya mtaa au kijiji kwa Kiswahili, ili mwananchi ajue mkandarasi ameahidi nini.

Tatu, sheria imwanze mkubwa. Mjane anayejenga vyumba viwili asitozwe faini. Afundishwe na asaidiwe. Tukimwanza yeye kwa kuwa ndiye rahisi kumkamata, tutakuwa tumefanya yale yale ya Uluguru chini ya bendera yetu wenyewe.

Masika huanza Machi. Kabla ya hapo kila tawi lichague watu watatu au wanne wazunguke eneo lao, waandike kila kilima kilichokatwa kikaachwa wazi na jina la kampuni iliyoandikwa kwenye ubao wa mradi. Orodha apewe diwani mkononi, mbele ya mkutano, naye aulizwe siku atakayoleta jibu. Akileta jibu, tumshukuru. Asipoleta, orodha hiyo hiyo isomwe tena mkutano unaofuata, na unaofuata, mpaka ajibu.