Kosa ni la modeli, maneno ni ya viu!

Nimerudi kampasi toka nyumbani Itaka, na nimerudi na hasira.

Likizo hii mdogo wangu alikuwa anajaza fomu ya maombi kwenye simu, siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Kubonyeza tuma, likatoka li-Kiingereza refu: kosa 1406, data imezidi urefu wa safu. Dogo akaniuliza, "Kaka, ndo wamenikataa?" Machozi yashaanza. Kumbe namba yake ya mtihani, yenye alama 15 ukihesabu na mikwaju, aliiandika kwa kuacha nafasi kila upande wa mkwaju. Zikawa 19. Basi!

Jana mwenzangu wa chumba, mtu wa kompyuta, ananiambia dawa ni kuandika sentensi nzuri ndani ya modeli. Nakataa.

Trygve Reenskaug, Mnorwei aliyebuni mpangilio wa modeli, viu na kontrola mwaka 1979 kule Xerox PARC, alitaka kilichomo kichwani mwa mtumiaji na kilichomo kwenye kompyuta vikutane. Modeli inatunza data na sheria. Kwa hiyo kugundua kosa ni kazi yake, ili uingie kwa simu au kwa kompyuta, sheria ibaki moja. Lakini irudishe jina la kosa na kikomo tu: imezidi, 15. Kontrola ipokee, imrudishe mtu kwenye fomu ileile bila kufuta alichojaza. Viu ndo inajua inaongea na nani, kwa lugha gani. Hiyo ndo iseme: "Andika namba ya mtihani bila kuacha nafasi."

Mtaniambia Rails, iliyotoka 2004, iliweka ujumbe humohumo kwenye modeli. Sawa, ni haraka. Lakini hao hao kwenye toleo la 2.2, mwaka 2008, wakaleta mafaili ya lugha pembeni. Kwa nini, kama sentensi ilikuwa na raha ndani ya modeli?

Sisi walimu watarajiwa tunalijua hili. Ukimwekea mtoto alama ya kosa bila kumwambia amekosea wapi, hujafundisha, umemtisha tu. Anayejenga mfumo naye ni mwalimu, apende asipende.

Dogo alituma fomu. Wangapi hawana kaka wa kuwatafsiria?

Nawakilisha.