Kitimoto, kifafa na darasa letu la uuguzi

Kabla sijawa mtu wa kalamu na kinasa sauti nilisomea unesi. Ndiyo, mimi huyu huyu. Sikumaliza, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Chuo kilikuwa mkoani Manyara, jina nabaki nalo. Wengi darasani walitoka Mbulu na Hanang, halafu tulikuwepo wachache wa mjini tuliodhani sayansi tumekwenda nayo kwenye begi.

Nimeyakumbuka haya baada ya rafiki yangu mmoja hapa Dar, mtu na digrii yake, kuniambia kwenye meza ya kitimoto kwamba kifafa kinaambukizwa na povu. Sentensi ile nilishaisikia bwenini.

Ilikuwa hivi. Mwalimu alifundisha kifafa kwa kipindi kimoja: umeme wa ubongo, dawa, maswali yanayopenda kutoka kwenye mtihani, basi. Somo lenyewe lilianza usiku. Dada mmoja wa Bassotu akasema kwao mtu akianguka watu wanakaa mbali, povu likikugusa ugonjwa unakuhamia. Alishaona nyumba moja watu wawili wanaanguka, mmoja baada ya mwingine. Mlokole wetu akasema hayo ni mapepo, akafungua Marko sura ya 9. Msabato wa Dongobesh akasema tatizo ni nguruwe: "Sisi hatuli nguruwe, haituhusu."

Mimi nikawacheka wawili wa kwanza, nikamuunga mkono wa tatu. Nikaeleza kwa kujiamini kabisa kwamba ukila nyama yenye zile punje nyeupe kama mchele, minyoo inapanda kichwani. Nikachora na picha.

Nilikuwa nimekosea, na hakuna aliyenisahihisha kwa sababu nilisema kwa lugha ya kitabu.

Ukweli ni huu. Ukila nyama yenye punje isiyoiva vizuri, unapata tegu tumboni. Tegu huyo anataga mayai yanayotoka na kinyesi chako. Mtu akiyameza mayai hayo, kwa mikono isiyonawiwa, maji au mboga mbichi, ndipo vijifuko vya mnyoo vinapojijenga mwilini, hata kwenye ubongo, na kuleta kifafa. Aliyekula nyama ni wewe, lakini anayeanguka anaweza kuwa mdogo wako unayempikia, hata kama hajawahi kuonja nguruwe maishani. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine liliandika habari za Wayahudi wanne wa New York, watu wa dini isiyogusa nguruwe, waliokutwa na ugonjwa huu kwenye ubongo. Uchunguzi ukaelekea kwa wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi ambako tegu ameenea.

Na Mbulu si mahali pa kulizungumza hili kwa nadharia. Watafiti walikagua ndimi za nguruwe 770 wilayani humo, na katika ripoti yao ya mwaka 2004 asilimia 17.4 walikuwa na punje. Nguruwe wanazurura, vyoo havitoshi, basi mzunguko unakamilika wenyewe. Mwaka 2009 ukachapishwa utafiti wa wagonjwa wa kifafa 212 wa kaskazini mwa Tanzania waliopigwa picha ya CT ya kichwa, na karibu 18 kati ya kila 100 walionekana na alama zinazoelekeza kwenye tegu. Wengine wana sababu nyingine kabisa: ajali za kichwa, malaria kali ya utotoni, uzazi mgumu, na wengi sababu haijulikani.

Sasa mrudie yule dada wa Bassotu. Povu haliambukizi, hapo alikosea. Lakini aliona kwa macho yake kwamba ndani ya nyumba moja ugonjwa unaweza kumfuata mtu wa pili, na mwenye tegu jikoni anaweza kabisa kuwa ndiyo sababu. Alikuwa na kipande cha ukweli ambacho mimi na mchoro wangu hatukuwa nacho. Hakuna aliyemuuliza. Darasani alinyamaza, akajibu mtihani kama kitabu kinavyotaka, akapata alama kunizidi.

Halafu ikaja siku ya mazoezi hospitalini. Kijana mmoja akaanguka koridoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu kubwa la moto. Kwenye baridi ya Mbulu watu hukaa karibu na mafiga, na mwenye kifafa akiangukia motoni huku watu wanaogopa kumgusa... unajaza mwenyewe. Tulikuwa wanafunzi watano, sare nyeupe, tumepigwa pasi. Mmoja akakimbia kutafuta kijiko cha kumtia mdomoni (hairuhusiwi, na tulishafundishwa). Waliobaki tukarudi nyuma. Mimi pia! Mimi nisiyeamini povu wala pepo. Mama wa usafi ndiye aliyeweka ndoo chini, akamlaza ubavu, akamwekea kanga yake chini ya kichwa.

Wote watano tulishafaulu swali la kifafa.

Ndiyo maana nasema vyuo vyetu vianzie kwenye swali la bwenini: kwenu mnasemaje? Yaandikwe ubaoni yote, povu, pepo na nguruwe, yajadiliwe mchana bila kuchekana. Maana yule dada atapangiwa zahanati ambako hakuna daktari, na mama mwenye mtoto anayeanguka atamwangalia usoni yeye, si cheti chake.

Nilimweleza rafiki yangu yote haya pale mezani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaisukuma pembeni sahani ya nyama, iliyoiva mpaka imekauka, akaendelea na kachumbari.