Debe Tupu na Gitaa la Besi: Rai Kuhusu Kikuza Sauti cha Hevi Metali Mwingi

Huenda msomaji wa jarida hili, aliyezoea kukutana humu na fonolojia, bahari za ushairi na mivutano ya usanifishaji, akashangaa kuona makala kuhusu kikuza sauti cha gitaa la besi. Mshangao huo tutauvumilia. Maadamu sisi wanachama tunashikilia kuwa Kiswahili kina uwezo wa kubeba kila elimu na kila shughuli ya mwanadamu, dai hilo halina budi kupimwa mahali ambapo fedha za kijana hutoka mfukoni. Na kwa kijana wa Mwingi anayetaka kupiga muziki wa hevi metali, fedha hizo si haba. Kikuza sauti mara nyingi humgharimu kuliko gitaa lenyewe.

Rai yangu ni kwamba mpigaji besi wa hevi metali, hususan yule atakayepiga Mwingi na viunga vyake, anunue kikuza sauti kinachotamka badala ya kile kinachovuma: chenye nguvu ya akiba, chenye udhibiti mzuri wa sauti za kati, na ambacho fundi wa karibu anaweza kukifungua na kukifunga tena. Mengineyo, likiwemo jina la kampuni lililochorwa kwa rangi ya fedha, ni mapambo.

Wapo watakaouliza hevi metali imetoka wapi hata ifike Ukambani. Swali hilo limepitwa na wakati. Nairobi imekuwa na bendi kama vile Last Year's Tragedy na Seismic, na mwaka wa 2020 kundi la Duma, lililozaliwa papo hapo Nairobi, lilitoa albamu yake kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Anayedhani kwamba muziki huu hauwezi kustawi penye jua kali na vumbi na awatazame Overthrust wa Ghanzi, Botswana, ukingoni mwa Kalahari. Ukame haujawazuia.

Sasa tuingie katika kiini. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Ule wa gitaa la kawaida hutetema mara 82. Kwa kanuni hiyo, kila chombo kingekuwa na chumba chake. Lakini tangu Tony Iommi wa Black Sabbath, aliyepoteza ncha za vidole viwili kiwandani mjini Birmingham, alipolegeza nyuzi zake katika albamu ya Master of Reality ya mwaka wa 1971, magitaa ya hevi metali yamekuwa yakiteremka mwaka baada ya mwaka. Yameteremka hadi nyumbani kwa besi. Huko chini nako, ngoma kubwa inayopigwa kwa miguu miwili imekwisha kutandika mkeka. Besi inajikuta mgeni katika nyumba yake.

Mpigaji asiyelijua hili huchukua hatua ambayo kila mtu angeichukua: huzungusha kidhibiti cha sauti za chini hadi mwisho. Matokeo yake ni ukungu. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini sana. Tumbo hutikisika, madirisha hulia, lakini hakuna anayeweza kusema ni noti gani iliyopigwa. Utamkaji wa besi hukaa juu zaidi, kati ya mitetemo 250 na 800 kwa sekunde hivi, na mgongano wa kucha au kipande cha plastiki dhidi ya uzi husikika juu zaidi ya hapo. Lemmy wa Motörhead alilifahamu jambo hili vyema. Kwenye kikuza sauti chake cha Marshall alipandisha sauti za kati na kuziteremsha za chini, akawa mmoja wa wapigaji besi wanaotambulika upesi kabisa duniani. Kwa upande mwingine kuna albamu ya Metallica ya mwaka wa 1988, ...And Justice for All, ambayo hadi leo mashabiki hulalamika kwamba besi yake haisikiki. Hapo kosa halikuwa la kikuza sauti bali la uchanganyaji wa sauti studioni, lakini funzo ni lile lile: besi inaweza kuwepo kwenye kanda na isiwepo sikioni.

Waama, Mkamba hahitaji kulipokea somo hili kutoka Uingereza. Msikilize Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka wa 1987, pamoja na bendi yake ya Kilimambogo Brothers. Besi katika benga haikai nyuma ikihema. Hujibizana na magitaa, huuliza na kujibu, na mchezaji hufuata maneno yake kwa miguu. Sikio lililolelewa na benga limekwisha kufundishwa kuidai besi iseme. Naona ajabu kwamba kijana huyo huyo, akivaa fulana nyeusi na kuingia kwenye hevi metali, hutaka besi yake igeuke kuwa radi ya mbali.

Kuhusu nguvu, soko limejaa hadaa. Vibandiko vya wati elfu tano vimebandikwa kwenye vyombo ambavyo mtoto anaweza kuvibeba kwapani. Zipo wati za kudumu, ambazo chombo huzitoa saa nzima bila kuchoka, na zipo wati za kilele, ambazo hutokea kufumba na kufumbua, au kwenye karatasi tu. Herufi PMPO zikionekana, mnunuzi na acheke kimoyomoyo kisha ageuze chombo nyuma asome kinavuta umeme kiasi gani. Hakuna chombo kinachoweza kutoa kwa kudumu nguvu kubwa kuliko ile kinayovuta ukutani. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili la sasa huuzwa kwa risiti. Fauka ya hayo, wati zikiongezwa maradufu sauti hupanda kwa desibeli tatu tu, tofauti ndogo sikioni. Ili isikike kana kwamba imekuwa maradufu, wati hazina budi kuzidishwa kama mara kumi. Kwa hiyo ugomvi wa wati 300 dhidi ya 350 ni wa bure. Kwa bendi yenye ngoma na magitaa mawili yenye mkwaruzo, mimi ningeanzia wati 300 za kudumu, nikazitumia nusu. Nusu inayobaki ndiyo akiba inayoifanya noti ya chini isimame wima bila kupasuka. Mkwaruzo ukitakiwa, na utatakiwa, utengenezwe na kifaa kidogo cha kukanyaga, kisha uchanganywe na sauti safi ili msingi usibomoke.

Suala linalonishughulisha zaidi ni la vali na transista, kwa sababu hapa ndipo ushauri unaotoka ng'ambo humpoteza mtu wetu. Wapenzi wa hevi metali huimba sifa za vali, na hawakosi sababu. Ampeg SVT, iliyozinduliwa mwaka wa 1969 ikiwa na wati 300 za vali, ina unene wa sauti ambao wengi wamejaribu kuuiga. Lakini sanduku lake la spika nane lina uzito wa zaidi ya kilo 60, na hapo kichwa chenyewe hakijapakiwa. Atakayekisafirisha kutoka Nairobi hadi Mwingi, kwenye barabara ya Thika iendayo Garissa, ajiandae kujadiliana na utingo kuhusu keria, na kulipa nauli ya abiria ambaye hakai. Akifika, atakutana na umeme unaopanda na kushuka, au jenereta ya harusini inayokohoa kila taa zinapowashwa. Vali ikifa Ijumaa jioni, ya kuchukua nafasi yake haipatikani sokoni Mwingi, na onyesho ni Jumamosi.

Wengine hukimbilia vikuza sauti vipya vya daraja la D, ambavyo huukata umeme vipande vidogo kwa kasi kubwa na hivyo kutoa wati 500 kutoka kwa chombo cha kilo tatu. Hivi huingia kwenye mkoba na kupanda bodaboda. Nakiri uzuri wake. Hata hivyo, ndani yake mna vipuri vidogo kama punje za wimbi, vilivyobandikwa juu ya ubao kwa mashine. Fundi wa redio mwenye chuma chake cha kulehemu atakitazama, atatikisa kichwa, na kukurudishia. Mimi nachagua kile kinachodharauliwa na pande zote mbili: kikuza sauti cha transista cha zamani, chenye transfoma kubwa na transista zilizofungwa kwa skrubu, uzito wake kilo kumi na tano au ishirini. Sauti yake haitamfanya mtu alie machozi. Itasikika, na ikinyamaza, itarejeshwa siku hiyo hiyo kwa fedha ambazo mwanafunzi anaweza kuzikopa.

Tahadhari moja kwa wenye jamaa Marekani: umeme wa huko ni wa volti 120, wa Kenya ni 240. Kikuza sauti kilicholetwa kama zawadi, kikichomekwa moja kwa moja bila transfoma ya kupunguza, kinaweza kuungua kabla noti ya kwanza haijalia.

Kisha kuna sanduku la spika. Spika nne za inchi kumi hutamka vizuri zaidi, kwa rai yangu, kuliko ile moja ya inchi kumi na nane inayotumika kwenye mikutano ya injili na matanga, ambayo imekusudiwa kusukuma hewa tu. Masanduku mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba huwa omu 4. Kikuza sauti kisichoruhusu omu 4 kitachemka. Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Nimewahi kujiuliza kwa nini tunahangaika kutafuta istilahi ya sanduku hili ilhali neno mzinga lipo: kitu chenye uwazi ndani, kinachotoa ngurumo vitani na kuhifadhi nyuki mitini. Mwingi, palipo na sifa ya asali, hakuna atakayehitaji kamusi.

Wapo watakaopinga wakisema kikuza sauti ni anasa, kwa kuwa tangu mwaka wa 1989, kampuni ya Tech 21 ya New York ilipotoa SansAmp, mpigaji anaweza kupitisha gitaa kwenye kijisanduku na kuliunganisha moja kwa moja na mitambo ya ukumbi. Hoja hii ina uzito Nairobi. Mwingi, ukumbi wa hevi metali aghalabu utakuwa bwalo la shule, na mitambo yake itakuwa ya hotuba. Ukiipitishia besi iliyolegezwa nyuzi, utairudisha ikiwa na tundu.

Limebaki jambo la lugha, na ndilo lililonifanya niandike hapa badala ya kwingineko. Neno kipaza sauti tunalitumia kwa kile anachoshika mwimbaji mkononi na papo hapo kwa kile kilichofungwa juu ya paa la gari la kampeni. Kilicho katikati yao hakina jina linalofahamika na wengi. Kijana akiingia duka la Luthuli Avenue akaomba kipaza sauti, anaweza kupewa maikrofoni. Akisema amplifaya, huonyeshwa ile ya sebuleni ya kuunganishwa na televisheni. Asiye na neno la wati za kudumu hawezi kuziulizia, na asiyeziulizia huuziwa kibandiko. Sidhani kamati yoyote italitatua hili ikiwa mezani. Mafundi wa redio wana maneno yao tayari, mengine ya kukopa na mengine ya kubuni, na mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya tasnifu angefanya vyema kuketi nao wiki mbili akiandika.

Kwa sasa, mnunuzi na aende dukani na gitaa lake mwenyewe, si la kuazima pale. Alegeze nyuzi kama atakavyozilegeza jukwaani. Apige noti ya chini kabisa kwa nguvu, kisha aongeze sauti mpaka muuzaji aanze kukunja uso. Iwapo noti bado inatajika, aombe kifuniko cha nyuma kifunguliwe kabla hajahesabu fedha.