Kinolewacho Hupata

Jumapili moja kabla ya masika, watu wa mtaani kwetu walipokuwa wakirudi kutoka ibadani na wengine wakielekea mwaloni Kirumba kutafuta kitoweo, ilizuka kelele ya mashine nyuma ya nyumba ya mama yangu. Tulikuwa tumemwita kijana mmoja akate tawi kubwa la mwembe lililolalia bati. Kila upepo wa ziwani ulipovuma, tawi lile lilisugua paa kama mtu abishaye hodi usiku, na chini ya paa hilo hulala watoto watatu wa dada yangu. Hatukutaka mvua itukute tukiwa bado tunajadiliana.

Saa nzima ikapita. Moshi ulitanda uani, msumeno ukanguruma, wala tawi halikutikisika. Kijana alikuwa juu ya ngazi, akiukandamiza msumeno kwa mikono na kifua, jasho likimtiririka. Ghafla ncha ya msumeno ikagusa tawi jingine lililokuwa nyuma yake. Mashine ikaruka juu kwa nguvu ya ajabu, ikampita kando ya shavu na kumvua kofia. Kama ingepita nusu shibiri ndani zaidi, leo nisingeandika habari za tupa na meno. Ningeandika habari za msiba.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya kupasua mbao, aliingia uani bila kubisha hodi.

"Mwanangu, zima mashine hiyo. Shuka."

Kijana akashuka, miguu ikimtetemeka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani alikufundisha kuusukuma msumeno kwa kifua?" Mzee akainama, akachota viganjani uchafu uliodondoka chini ya mwembe. "Tazama. Huu ni unga. Msumeno unaopata hutoa vipande, usiopata hutoa unga. Tupa yako iko wapi?"

Kijana akatazama chini. "Sina, mzee. Mashine yenyewe si yangu. Mwenye mali anataka hesabu yake kila jioni, na mnyororo ukiisha anaukata katika malipo yangu. Huu una wiki mbili tu, nao umekwisha."

Mzee akaugeuza mnyororo, akaupitisha jino baada ya jino mbele ya macho yake. "Huu haujaisha," akasema. "Haujapata mtu wa kuunoa."

Neno hilo lilinigusa, kwa kuwa katika mji wetu msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chenso, umekuwa chombo cha riziki kwa vijana wengi. Wako wanaokata kuni za mama lishe, wako wanaokata magogo ya mafundi mitumbwi, na wako wanaoitwa majumbani kama tulivyomwita huyu. Wengi wamefundishwa kuiwasha mashine, lakini hawakufundishwa kuitunza. Hasara yake huingia mpaka jikoni, maana petroli inaungua bure, mnyororo unatupwa haujafika hata nusu ya umri wake, na baba anarudi nyumbani mikono mitupu au, Mungu apishe mbali, harudi kabisa. Kwa hiyo juma hili nimeona niwaletee wasomaji wangu yale niliyojifunza kwa mzee yule na kwa mafundi wengine niliowauliza baadaye.

Kuchagua mnyororo

Mnyororo haununuliwi kwa macho. Una namba tatu, na zote hazina budi kulingana na mashine. Ya kwanza ni hatua, yaani nafasi ya ribiti na ribiti. Pima kutoka katikati ya ribiti ya kwanza mpaka katikati ya ribiti ya tatu, kisha gawanya kwa mbili. Hatua zinazoonekana zaidi ni inchi 0.325, ambayo ni kama milimita 8.25, na inchi 3/8, kama milimita 9.5. Mashine kubwa za magogo huweza kutumia inchi 0.404. Hatua isipolingana na sproketi, meno ya sproketi huliwa, na mnyororo waweza kuchomoka au kukatika ukiwa kasini.

Namba ya pili ni unene wa viungo vya chini, vile vinavyotembea ndani ya mfereji wa upanga. Upanga ndilo lile bapa refu la chuma linalobeba mnyororo. Unene huo huwa milimita 1.1, 1.3, 1.5 au 1.6. Ulio mwembamba kuliko mfereji huyumba na kukata kwa kupinda, na ulio mnene hauingii. Namba ya tatu ni idadi ya viungo hivyo vya chini, navyo huhesabiwa kimoja kimoja. Mara nyingi namba zote tatu zimechapwa ubavuni mwa upanga, karibu na mashine. Futa oili, zisome, ziandike katika karatasi, ndipo uende dukani.

Baada ya namba, tazama umbo la jino. Yako meno yenye pembe kali iliyochongoka, na yako yenye pembe iliyoviringwa kidogo. Lile lenye pembe kali hukata upesi sana katika mti laini na safi, lakini likigusa mchanga mara moja makali yake hupotea. Lenye pembe ya mviringo huenda taratibu zaidi, ila hustahimili vumbi na mti mgumu.

Hapo ndipo mtu wa Mwanza anapopaswa kufikiri. Mji wetu umejengwa juu ya mawe. Miti yetu huota katikati ya majabali, na magogo mengi huburutwa ardhini au huteremshwa ufukweni, magome yakajaa mchanga wa ziwa. Miti ya mitaani nayo imepigiliwa misumari ya matangazo na ya kamba za kuanikia nguo. Ukiongeza kwamba mvule, mti uliopendwa siku zote na mafundi mitumbwi, una tabia ya kuficha ndani yake vijiwe vya chokaa vinavyovunja makali, utaona kwamba kwa kazi nyingi za kwetu jino la mviringo ndilo lenye faida. Afanyaye kazi katika misonobari ya mashamba ya serikali, kama Rubya kule Ukerewe au Buhindi ng'ambo ya ziwa, anaweza kulitumia jino la pembe kali, mradi gogo liwe safi.

Jambo moja zaidi. Mnyororo wa kukata gogo kwa kulikingama hunolewa kwa pembe ya kama digrii 30. Mnyororo wa kupasua mbao kwa urefu wa gogo hunolewa kwa pembe ndogo, kama digrii 10, na mbao zake hutoka laini zaidi. Anayetumia mnyororo mmoja kwa kazi zote mbili ataishia kuilaumu mashine bure.

Kunoa

Mzee aliagiza tupa zake zikaletwa na mjukuu wake. Zilikuwa mbili, moja ya mviringo na moja bapa. Akauegemeza upanga juu ya gogo, akaubana kwa jiliwa ndogo, akaanza kazi huku akieleza.

Tupa ya mviringo lazima ilingane na mnyororo. Kwa hatua ya 0.325 hutumika tupa ya milimita 4.8. Kwa minyororo midogo ya 3/8 ya mashine nyepesi, milimita 4.0. Kwa ile mikubwa ya 3/8, milimita 5.2 au 5.5, kwa kadiri mtengenezaji alivyoagiza. Tupa nyembamba mno huchimba shimo chini ya jino na kuliacha dhaifu, na iliyo nene mno huyafanya makali yawe butu hata baada ya kunolewa.

"Kwanza tafuta jino fupi kuliko yote," mzee akasema. "Hilo ndilo mkubwa wa ukoo. Mengine yote yatalifuata." Meno yasipokuwa na urefu mmoja, yale marefu hufanya kazi peke yake na mnyororo hutetemeka. Meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko ya upande wa pili, msumeno hukata kwa kwenda kombo.

Tupa husukumwa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe moja isiyobadilika, sehemu ya tano ya unene wake ikiwa juu ya bapa la jino. Husukumwa tu, wala hairudishwi huku ikigusa chuma, kwa kuwa kuirudisha huiua tupa yenyewe. Ukilipa jino la kwanza misukumo mitatu, yape na mengine mitatu. Maliza meno ya upande mmoja, kisha geuka unoe ya upande wa pili. Jino lililopata halina mng'ao ukingoni. Ukiona mstari mweupe unaometa juani, hapo bado ni butu.

Mbele ya kila jino kuna kidole kifupi cha chuma. Kidole hicho ndicho kinachopima jino liume kwa kina gani, nacho huwa chini ya jino kwa kama milimita 0.65. Kila unoapo, jino hushuka kidogo, na baada ya kunoa mara kadhaa kidole hubaki juu mno, jino likawa halifikii mti. Hapo hutumika tupa bapa pamoja na kipimo chake kidogo kinachouzwa madukani. Wengi hukosea hapa, wakakishusha kidole kupita kiasi ili msumeno ule haraka. Msumeno wa namna hiyo huuma kwa pupa, hukwama, kisha humrukia mwenyewe.

Jino likibaki na urefu wa milimita 4, au likifika kwenye alama aliyoweka mtengenezaji, mnyororo umetimiza kazi yake. Kabla ya hapo, kuutupa ni kutupa chakula cha watoto.

Wasomaji watafurahi kujua kwamba umbo la jino hili lilitokana na funza. Mwaka 1946, mkata miti mmoja wa jimbo la Oregon, Marekani, aitwaye Joseph Cox, alimwona buu wa mdudu wa magogo akitafuna mti kwa taya mbili, kushoto na kulia, bila kujali mti umelalaje. Akaiga taya zile kwa chuma, na mwaka uliofuata akaanza kuuza mnyororo wake. Meno ya kushoto na ya kulia tunayoyanoa leo ni watoto wa wazo hilo.

Yanayolinda uhai

Hatari iliyomkuta kijana wetu ina sababu yake. Mnyororo hukimbia kwa kasi inayoweza kufika mita 20 kwa sekunde. Robo ya juu ya ncha ya upanga ikigusa kitu kigumu, jino hukwama kwa nukta moja, na nguvu yote ya mashine hurudi kwa aliyeishika. Mnyororo butu huzidisha hatari hiyo, kwa sababu mtu huusukuma, na mtu anayesukuma hana nafasi ya kujihami. Basi usikate kwa ncha, usikate ukiwa juu ya ngazi, wala usiunyanyue msumeno kupita mabega. Kofia ngumu, miwani, glavu na viatu vigumu ni sehemu ya mashine, kama ilivyo plagi.

Kabla ya kuwasha, vuta mnyororo kwa mkono uliovaa glavu. Uzunguke upanga bila kugoma, wala usining'inie upande wa chini. Ukipata moto hulegea, kwa hiyo ukazwe. Baada ya kazi ulegezwe tena, maana ukipoa hujikaza wenyewe. Oili chafu iliyomwagwa kutoka katika injini ya gari isitiwe hapo, kwani ina vumbi la chuma linaloula upanga na mnyororo pamoja. Na kwa miti ya misituni, tusisahau kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ingali inasimama. Pita kwanza ofisi ya misitu uulize habari za kibali.

Turudi uani kwa mama. Mzee alikataa katakata mashine isipande tena mtini. Tawi lilifungwa kamba na kukatwa kwa msumeno wa mkono, pande kwa pande, mpaka bati likapumua. Magogo yalipokuwa chini, kijana akawasha mashine. Safari hii hakusukuma. Msumeno ulizama wenyewe kwa uzito wake, vipande vikaruka kama punje za mahindi zinazopukuchuliwa, na kazi iliyomshinda asubuhi ikaisha kabla chai haijapoa.

Wakati wa malipo mama alimpa haki yake. Mzee akampa ile tupa ya mviringo. "Hii si zawadi," akamwambia. "Ukipata riziki, utamnunulia kijana mwingine kama hii."

Nami nilibaki na fedheha yangu. Siku ya kumtafuta fundi nilikuwa nimeuliza swali moja tu, nalo ni bei. Sikuuliza kama ana kofia, wala kama ana tupa, wala mnyororo wake ulinolewa lini. Ndugu msomaji, siku utakapomwita mtu akakate mti nyumbani kwako, muulize hayo matatu kabla ya bei. Wahenga walisema kinolewacho hupata, na anayekinoa pia hupata, akarudi salama kwa watoto wake.