SIYO KILA ANAYEONGEA PEKE YAKE KAROGWA!

  Huku kwetu Mwankoko, pembeni kidogo ya Singida mjini, hatujambo. Kuku wanagombewa na wachuuzi wa kupeleka Dar, alizeti ndiyo habari ya mjini, na sisi vijana tupo kijiweni tunasukuma siku.

Sasa juzi hapo kijiweni limetokea jambo ambalo limenipa mada ya leo. Alipita jamaa mmoja barabarani, nguo zimemchakaa, mkononi kabeba mfuko, anaongea na mtu ambaye sisi hatumwoni. Mshikaji mmoja akapaza sauti: "Oyaa, gari la Mirembe limekuacha?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Na mimi, nikiri tu, nilicheka. Halafu kicheko kikanikwama kooni, kwa sababu miaka michache iliyopita aliyekuwa anachekwa namna hiyo alikuwa mtu wa nyumbani kwetu.

Kwa hiyo leo mambo ya mapenzi tuyaweke kando. Tuongee hili.

Kwanza, hiyo Mirembe tunayoitania ni nini? Ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, ilianzishwa mwaka 1927 enzi za Mwingereza. Kabla yake kulikuwa na Lutindi, kule milima ya Usambara, Korogwe mkoani Tanga, ambako wamisionari wa Kijerumani walianza kuhudumia wagonjwa wa akili mwaka 1904. Kutoka hapa Singida mpaka Dodoma ni kama kilomita 240. Wazee wetu waliokuwa na mgonjwa walimfunga kamba, wakampakia kwenye gari, wakaenda naye huko. Matokeo yake jina la hospitali likageuka kuwa tusi. Mtoto wa darasa la pili anajua kumwambia mwenzake "wewe wa Mirembe" hata kabla hajajua Dodoma iko upande gani.

Hebu jiulize msomaji wangu: mtu akikwambia ndugu yake kapelekwa Ocean Road kwa ajili ya saratani, unacheka? Thubutu! Unashika kichwa, unampa pole, unachangia nauli. Lakini huyu wa Mirembe tunamtungia utani. Wote ni wagonjwa na wote ni watoto wa watu.

Sasa nirudi nyumbani. Mtoto wa mjomba wangu alimaliza kidato cha nne, mambo hayakwenda vizuri, akaenda Dar kutafuta maisha. Alipiga mzigo Kariakoo kama miaka miwili. Aliporudi tuliona kabadilika. Halali usiku. Anazunguka uani mpaka kunakucha. Akisikia redio anasema watangazaji wanamsema yeye. Chakula hataki, anadai kimetiwa kitu.

Mjomba akaitisha kikao cha ukoo. Na hapo ndipo pa kuangalia kwa makini, kwa sababu katika kikao kile hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza, "Huyu kijana anaumwa nini?" Swali lilikuwa moja tu: "Nani kamfanya hivi?"

Ukiuliza nani kamfanya, lazima jina lipatikane. Na kwetu huku jina huwa halitafutwi mbali. Kulikuwa na bibi mmoja jirani, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka yote, mwaka ule shamba lake lilikuwa limestawi kuliko letu. Hakuna aliyetamka jina lake kwa sauti, lakini kila mtu alilijua. Watoto wakakatazwa kupeleka sahani kwake. Akipita kwenda kuchota maji, wanawake wanahama upande wa pili wa njia. Na mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne, ninayejifanya mjanja wa kuandika magazetini, nikaacha kumwamkia.

Kwa hiyo, ugonjwa ulikuwa kwa mtu mmoja, lakini tukawa na majeruhi wawili.

Msije mkadhani haya ni mambo madogo. Mkoa huu wa Singida una historia nzito. Kati ya mwaka 1946 na 1948 kulitokea mauaji mengi sana yaliyosemekana kufanywa na "watu simba", yaani watu waliodaiwa kuvalishwa ngozi za simba na kutumwa kuua. Serikali ya mkoloni ilihangaika nayo na kesi zikafika mahakamani. Na masimulizi ya wakati ule yalikuwa yanadai kwamba waliofichwa na kufanywa "simba" walikuwa vijana wenye kasoro za akili. Wataalamu wamebishana baadaye kuhusu nini hasa kilitokea. Lakini mnaona wenyewe: jamii ikiingiwa na hofu, kidole kinaelekezwa kwa mwenye matatizo ya akili au kwa bibi mjane. Na hata miaka ya karibuni, kanda hizi za kati na ziwa vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Swali la "nani kamfanya" linaweza kuua mtu, jamani!

Turudi kwa mgonjwa wetu. Alipelekwa kwa mganga. Mbuzi wakaenda, fedha ya alizeti ikaenda. Alikaa huko miezi mitano, mguu umefungwa mnyororo kwenye mti, mpaka kifundo kikatoka kidonda. Baadaye shangazi akasema tumpeleke kwenye maombi. Huko nako wakasema pepo lake ni bishi, afunge kula. Mtu ambaye tayari alikuwa hali!

Msomaji utasema, "Hawa watu wa vijijini washamba." Ngoja kwanza. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanyika Dar es Salaam, mjini kabisa. Walipima watu waliokwenda kwenye zahanati na vituo vya afya, wakapima na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Kwenye vituo vya afya, waliokutwa na matatizo ya kawaida ya akili, kama huzuni iliyopitiliza na wasiwasi, walikuwa asilimia 24. Kwa waganga? Asilimia 48! Mara mbili. Kwa hiyo, mtoto wa mjini, hata wewe ukizidiwa unapanda daladala unaenda kwa mganga, ila unavaa kofia usijulikane.

Na kwa nini watu wanaenda huko? Mimi nadhani najua. Mganga anakukaribisha ukae. Anauliza jina la baba yako, umegombana na nani, ndoa ikoje. Anaita na ndugu zako. Ukienda kwingine unakuta foleni, unaulizwa "unaumwa wapi", na ukisema "kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu", unapimwa malaria na kurudishwa nyumbani na panado. Sisi Waswahili uchungu wa moyoni tunauelezea kwa mwili. Mtu hawezi kusema "nina sonona", hilo neno wengi hawalijui. Atasema "nina mawazo". Na "mawazo" kwetu siyo ugonjwa, ni hali ya maisha. Utaambiwa nenda kapige soda utulie.

Wanaume ndiyo kabisaa. Ukilia unaambiwa unajilegeza. Ukinyamaza unasifiwa kwamba una roho ya kiume. Ukianza kunywa mtukuru kuanzia saa nne asubuhi, watu wanasema "jamaa anakula maisha". Siku ukikutwa umejidhuru ndiyo wanashangaa: "Mbona jana tulikuwa naye anacheka?"

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Mimi sisemi mila zetu zote mbovu. La hasha! Mwaka 1954, kule Abeokuta nchini Nigeria, daktari mmoja Mwafrika aitwaye Thomas Adeoye Lambo alifanya kitu cha akili sana. Badala ya kuwafungia wagonjwa ndani ya kuta za hospitali ya Aro, aliwapangishia vyumba kwenye vijiji vya jirani, kila mgonjwa akiwa na ndugu wa kumpikia na kukaa naye. Mchana wanapata dawa za kizungu, jioni wapo kijijini na watu. Aliwaalika hata waganga wa jadi kushirikiana naye. Hata hapa kwetu Mirembe ina kijiji chake cha Hombolo, ambako wagonjwa wanaoendelea vizuri wanalima na kujizoeza maisha ya kawaida.

Zimbabwe nako, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaani jijini Harare namna ya kumsikiliza mtu mwenye mawazo, wakiwa wamekaa naye kwenye benchi nje ya kliniki. Wala hawakutumia majina magumu. Washona wana neno lao, "kufungisisa", maana yake kufikiri kupita kiasi. Si ndiyo yale yale "mawazo" yetu? Bibi anasikiliza, anasaidia kupanga tatizo moja moja, mtu anarudi tena wiki nyingine. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha waliokaa na mabibi wale walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo ukavuka mipaka, ukafika hata Zanzibar. Mabibi wale wale ambao sisi tunawanyooshea vidole kwamba wachawi, wenzetu wamewafanya madaktari wa roho!

Na wale wanaosema "magonjwa haya hayasikii dawa ya hospitali", niwape mfano wa hapa hapa Tanzania. Mahenge, mkoani Morogoro, watu wenye kifafa walikuwa wanatengwa, wanakula peke yao, kwa imani kwamba mate yao yanaambukiza. Mgonjwa akiangukia motoni, watu waliogopa kumgusa, anaungua wanaangalia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall akaanzisha kliniki pale, akaanza kuwapa vidonge vya bei nafuu. Wengi wakapata nafuu, wakarudi mashambani. Kumbe watu waliunguzwa na hofu, wakati kidonge kilikuwepo.

Ndugu yetu naye mwishowe alipelekwa hospitali. Hatukufanya hivyo kwa kuelimika, fedha za mganga ziliisha. Akapewa dawa, baada ya wiki chache akaanza kulala. Akaanza kula. Siku moja akaniuliza matokeo ya Simba na Yanga, nikatoka nje nikalia. Lakini si mnatujua? Akapata nafuu, tukasema "kapona, vidonge vya nini tena?" Akaacha. Haikupita miezi mitatu, redio zikaanza kumsema upya. Ikabidi tuanze moja. Sasa hivi anakunywa dawa zake na anafuga kuku. Siku nyingine yuko sawa, siku nyingine anakaa ndani. Ndiyo maisha.

Kwa hiyo mshikaji, ukiona mwenzako halali, hali, anaongea peke yake, anaogopa watu, au kajitenga na hana hamu na chochote kwa wiki mbili na zaidi, usisubiri mpaka avue nguo barabarani. Mpeleke kituo cha afya, na wakishindwa watawaandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Mwambieni daktari ukweli wote, pamoja na mambo ya kwa mganga na bangi kama anavuta. Dawa zikimlegeza au kumtetemesha, rudini zibadilishwe, msizitupe. Unataka kumwombea? Mwombee, sheikh amsomee, mchungaji amwekee mikono, lakini vidonge aendelee navyo. Minyororo hapana. Na mtu akisema amechoka kuishi, hata kama anatania, usimwambie "acha ujinga". Kaa naye, mwulize, usimwache peke yake, toa karibu yake chochote anachoweza kujidhuru nacho, kisha tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Nimalizie na yule bibi. Katika ukoo wetu hakuna aliyekwenda kumwomba radhi. Kikao cha kumtuhumu kiliitishwa haraka, kikao cha kumsafisha mpaka leo hakijaitishwa. Baada ya ile kasheshe ya kijiweni nilishindwa kulala, na Jumapili nikajikaza nikaenda kwake. Nilimkuta anapepeta uwele. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akainua macho, akaniangalia kwa muda, kisha akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu." Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakapotea. Yeye ndiye akaanza:

"Na yule mwenzako, mgonjwa, siku hizi analala?"

Nikamwambia analala, bibi. Akasema, "Haya, Mungu mkubwa," akaendelea kupepeta. Mimi nikakaa chini, nikaanza kumwomba radhi.

Kwa leo naishia hapa. Na wewe msomaji wangu, kama kuna mtu uliacha kumwamkia, unamjua mwenyewe. Tukutane tena wiki ijayo panapo majaliwa.