Anikague mtani

Wadau, mimi nikikosolewa nanuna. Mhariri akizungushia sentensi moja kalamu nyekundu, siku yangu imeharibika. (Na bado nikachagua uandishi wa habari!)

Sasa nilimwahidi mama mabati, kwetu Makere, nikahitaji mtu wa kuniuliza kila mwisho wa mwezi nimeweka shilingi ngapi. Nikamchagua rafiki mpole. Kila nikishindwa: "Pole kaka, mwezi ujao." Mwaka ukaisha hivyo, na mvua za Kasulu hazikunisubiri.

Ukiwa mwepesi wa kuumia kama mimi, mpole hakufai. Tafuta mtani. Watazame Wangoni na Wahehe: mababu zao walipigana vita kuanzia 1878, leo wanataniana hadharani, tena matusi ya nguoni, na hakuna anayenuna. Msibani, mtani huyohuyo ndiye anayeshika kazi. Neno lake ni kali, ila unajua hakutakii mabaya.

Basi nikamwomba Mhehe mmoja wa ofisini, ingawa mimi ni Mha. Mwisho wa mwezi akaniuliza mbele ya watu: "Wewe Mha, mama bado anakinga mvua kwa beseni?"

Nilicheka. Nikanuna kidogo. Jioni nikapita benki.