Sushi na Chai, Mbwembwe Kando

Mwambie mtu aje kwako jioni kula sushi, hatakuuliza umepata samaki gani. Atauliza mtashushia na nini. Kabla hujajibu atakuwa ameshapendekeza: sake, pombe ya mchele ya Kijapani, tena ile ya chupa ya fahari, au ikikosekana, angalau mvinyo mweupe wa Ufaransa. Imani kwamba samaki mbichi anadai kinywaji cha gharama imeota mizizi Nairobi na Dar es Salaam, hata miongoni mwa watu wanaojiviringishia sushi wenyewe jikoni ili kukwepa bei za hotelini. Mtu anaokoa pesa kwenye samaki, anaimwaga yote dukani kwa muuza pombe.

Wenye sushi yao hawakuianza hivyo. Tonge la wali wa siki lenye kipande cha samaki juu lilishika kasi Edo, mji ambao leo ni Tokyo, katika miaka ya 1820, na jina linalotajwa zaidi ni la Hanaya Yohei. Kilikuwa chakula cha kibandani. Mtu alisimama, akala kwa mkono, akanywa chai, akashika njia. Hata siki iliyokuja kutumiwa kwenye wali ule ilitokana na machicha ya sake: Nakano Matazaemon, mtengenezaji wa sake wa Handa, alianza kuitengeneza mwaka 1804, na kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko siki ya mchele, wauza sushi waliipokea kwa mikono miwili. Chakula hiki kimezaliwa na kulelewa na watu wanaohesabu senti.

Mwaka 1958, huko Higashi-Osaka, Shiraishi Yoshiaki alifungua mkahawa wa kwanza ambamo sahani za sushi huzunguka juu ya ukanda. Wazo alilipata kiwandani, kwenye mikanda ya kusafirishia chupa za bia, jambo ambalo huwa linanichekesha. Kwani ukiingia leo kwenye mikahawa ya aina hiyo nchini Japani, mara nyingi utakuta mbele ya kiti chako bomba dogo la maji ya moto na kikopo cha unga wa chai ya kijani. Unachota kidogo, unasukuma kikombe kwenye bomba, unakoroga, unakunywa. Hulipii. Kwenye kaunta za mafundi wakubwa nako chai haikosekani, na ya jadi ni konacha, yaani vipande na vumbi vinavyobaki majani mazuri yakishachambuliwa. Fundi anayekukatia jodari wa bei ya kutisha anakumiminia vumbi la chai, wala haoni aibu.

Haoni aibu kwa sababu linafanya kazi. Samoni na tumbo la jodari vina mafuta yanayobaki ulimini. Umoto wa chai huyalegeza, ukakasi wake huyafuta, na tonge linalofuata unalionja kama la kwanza.

Sasa tuitazame hiyo sake ya fahari. Ile iitwayo daiginjo, mchele wake hukobolewa mpaka ibaki nusu ya punje au pungufu. Sehemu ya bei yako imekwenda kwenye unga uliotupwa pembeni. Unachopata ni harufu ya tofaa, ya ndizi mbivu, ya tikiti. Harufu nzuri mno, siikatai. Lakini iweke kando ya samaki aliyechovywa kwenye mchuzi wa soya na wasabi, vigombane. Ukitaka sake lazima, chukua ya kawaida, kavu, isiyo na manukato. Ndiyo wanayokunywa Wajapani wengi siku za kazi.

Mvinyo una kesi mbaya zaidi. Watafiti wa kampuni ya Mercian ya Japani walieleza mwaka 2009 kwa nini baadhi ya mvinyo huacha shombo mdomoni ukinywewa pamoja na vyakula vya baharini: ni madini ya chuma yaliyomo. Mwekundu huathirika zaidi, ila mweupe haujasalimika. Na kiwango cha chuma hakiandikwi kwenye lebo. Chupa ya bei kubwa inaweza kukuharibia samaki sawasawa na ya bei ndogo, na hakuna muuzaji atakayekuonya.

Unafuu nao una mipaka. Soda haifai, juisi ya maembe haifai. Wali wa sushi umeshatiwa sukari, chumvi na siki. Ukiongeza utamu juu yake umekula kitindamlo chenye samaki. Hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapojikwaa, maana chai kwetu bila sukari ni adhabu. Jikaze. Wala usitie tangawizi, kwani imeshakaa sahanini, ya kusindikwa. Chai ya kijani ya Kericho inatosha kabisa: maji ya moto yasiyotokota, dakika moja au mbili, kisha toa majani au paketi kabla haijawa chungu. Ikikosekana, chai ya rangi nyepesi inasaidia. Anayekunywa pombe, bia nyepesi iliyopoa vizuri itamtosha, mradi isiwe nyeusi wala chungu sana. Na asiyekunywa, na wa aina yake mwambao wa kwetu ni wengi, aache kudhani kwamba anakula sushi nusu.

Mgeni akija na chupa yake ya daiginjo, ipokee, mshukuru, itie kwenye friji. Mtaifungua sahani zikishaondolewa, muinywe yenyewe kwa vikombe vidogo, hiyo harufu ya tikiti ikiwa haina wa kuipinga.